Bao Kubwa la Mweso Mtaani: Namna ya Kulichora Hatua kwa Hatua

Tangu tulipochora bao la kwanza kwenye ua mmoja nyuma ya soko hapa Kampala, maswali yananijia yale yale. Nitumie rangi gani? Ruhusa naomba kwa nani? Kete nizitoe wapi, na zisipotee vipi? Wanaouliza ni mwalimu wa Arua, vijana wa Busia, fundi wa Jinja, na juzi mama mmoja wa Mbale mwenye uwanja wa saruji mbele ya duka lake na watoto wanaojaa pale kila jioni. Nimeyaweka majibu mahali pamoja ili nawe uweze kuanza bila kunisubiri.

Kazi yenyewe ni hii: unachora ardhini bao la mweso, mchezo wa kupanda kete kwenye safu za mashimo, lenye urefu wa mita 4.4 na upana wa mita 2.4, lenye mashimo 32 (duara za rangi) na kete 64 za ukubwa wa ngumi. Anayelicheza hawezi kukaa. Anainama, anatembea, anahesabu kwa sauti, na wapita njia wanasimama kumwambia alipokosea. Ni sanaa ambayo haijakamilika mpaka mtu akanyage juu yake, na ndiyo sababu naipenda kuliko picha yoyote niliyowahi kuchora ukutani.

Nimechagua mweso kwa sababu wengi hawahitaji kufundishwa kutoka mwanzo. Waganda wanao, na sisi wa Kiswahili tuna bao. Yote mawili yana safu nne za mashimo manane na kete 64. Mpwani akija atakuuliza nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji wa bao, iko wapi. Mchoree mraba kuzunguka shimo la tano kutoka kushoto kwenye safu ya ndani ya kila mchezaji, naye atacheza bao lake hapo hapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Sakafu ngumu ya saruji au vitofali vya pevingi, isiyopungua mita 7.5 kwa 5.5. Bao linachukua sehemu ndogo tu ya hapo, mengine ni ya watu kusimama. Ardhi ya marumu (udongo wa changarawe) haifai, rangi haikai.
- Rangi ya maji ya akriliki, ile ya kuta za nje: lita 4 za rangi ya chini, lita 1 kwa mashimo ya upande mmoja, lita 1 kwa upande wa pili, na nusu lita ya nyeupe kwa mistari.
- Rola mbili, brashi mbili za inchi mbili, na ndoo ya kusafishia.
- Tepu ya kupimia inayozidi mita 5, ndefu zaidi ni bora. Uzi wa fundi mwashi, matofali manne, na chaki pakiti moja.
- Brashi ya waya, ufagio mgumu, sabuni ya unga, na jerikani tano au sita za maji.
- Mchanga laini wa ziwani, kilo mbili, uliochujwa na kukaushwa.
- Kipande cha plaiwudi nyembamba cha sentimita 60 kwa 60. Ukikosa, katoni ngumu ya televisheni itafaa kwa siku moja.
- Mabaki ya vitenge kutoka kwa fundi cherehani, na kokoto ndogo kama kilo 10.
- Watu wanne, wawili kati yao wakiwa wa mtaa ule ule.

Kuhusu kiasi cha rangi: kopo linaweza kukuahidi mita kumi za mraba kwa lita moja, lakini hiyo ni kwa ukuta laini. Saruji ya nje inakunywa rangi. Piga hesabu ya mita tano kwa lita. Bao lina mita za mraba kumi na nusu, unapaka mara mbili, kwa hiyo ni kama lita 4.2, na zile 4 zinatosha kwa shida kwa sababu koti la kwanza unaliongeza maji. Usimwage.

Kuhusu rangi ipi, hili nimelipata kwa kuumia. Hapa Uganda rangi zina wenyewe, navyo ni vyama vya siasa. Njano watu wanaisoma NRM, nyekundu NUP, buluu FDC, kijani DP. Kampuni za simu nazo zimepaka nusu ya maduka ya mtaa njano na nyekundu. Ukichora bao la njano tupu au jekundu tupu, kabla halijakauka utaulizwa nani kakutuma, na msimu wa uchaguzi unaweza kuamka ukakuta limemwagiwa oili chafu. Mimi natumia kahawia ya udongo chini, mashimo ya upande mmoja zambarau, ya upande wa pili rangi ya chungwa. Mpaka sasa hakuna aliyeniuliza ni ya chama gani.

Hatua

1. Kaa hapo siku tatu kabla ya kugusa chochote.

Hii ndiyo hatua inayorukwa na kila anayeanza, na ndiyo inayoamua kama bao litachezwa au litabaki doa la rangi. Nenda asubuhi, mchana na jioni, siku ya kazi na siku ya mapumziko. Tazama maji ya mvua yanapita wapi. Tazama bodaboda zinageuzia wapi, wapi mwenye mkokoteni anapumzikia, wapi kivuli kinaangukia saa kumi jioni. Kivuli cha saa kumi ni cha thamani sana, kwa sababu hiyo ndiyo saa watoto wanatoka shule na wazee wanatoka ndani.

Bao letu la kwanza tulilichora mahali palipoonekana patupu kabisa. Siku ya nne alikuja mama mmoja na gunia la mukene (dagaa) kichwani, akasimama, akanitazama kwa upole. "Mwanangu, hapa ulipochora ndipo ninapoanika." Alikuwa akianika pale siku zote za jua. Mimi nilikwenda siku mbili za mawingu, sikumwona. Tulimwomba radhi, tukamsaidia kusafisha sehemu nyingine, lakini jua la huko halikuwa kama la pale. Hilo bado linaniuma. Mahali patupu mjini ni nadra sana. Kwa kawaida pana mtu, ila hajafika bado.

2. Ongea na wenye mahali, kisha pata karatasi.

Anza na wanaokaa pale kila siku: mwenye kibanda cha rolex (chapati ya mayai), mama wa mboga, vijana wa steji ya bodaboda. Hao hawana muhuri, lakini ndio watakaolilinda bao au kuliacha life. Baada ya hapo nenda kwa mwenye uwanja, umwombe ruhusa ya maandishi hata kama ni mistari mitatu. Halafu mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa), ambaye barua yake yenye muhuri ndiyo utakayoonyesha askari akikuuliza. Kama eneo ni la umma Kampala, ruhusa ni ya KCCA, mamlaka ya jiji. Kwenye miji mingine nenda ofisi za halmashauri ya jiji au manispaa. Usichore kwenye barabara ya magari hata ukiombwa na mtaa mzima, na usichore kitu kinachofanana na alama za barabarani.

Ukifika steji, usiende mikono mitupu ya mawazo. Watu wa bodaboda wana historia na sanaa ya mjini kuliko tunavyodhani: kwenye tamasha la KLA ART la mwaka 2014, wasanii waligeuza bodaboda kuwa kazi za sanaa zinazotembea mitaani Kampala. Waulize wangependa bao lielekee wapi. Steji moja walinishauri nilizungushe robo duara ili wanaocheza wasiyape magari mgongo. Nisingeliona hilo peke yangu.

3. Lichore kwa chaki, lichezwe jioni moja.

Usinunue rangi bado. Chora kwa haraka kwa chaki, okota mawe 64, mwite mzee mmoja anayejua mweso na mtoto mmoja asiyejua. Kaa pembeni. Kama wanagongana na wapita njia, sogeza. Kama hakuna aliyesimama kutazama kwa saa nzima, tafuta mahali pengine. Chaki ya shilingi chache imeniokolea makopo mengi ya rangi.

4. Subiri majira.

Kampala na kusini kote, mvua kubwa ni Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Paka Januari, Februari, Juni au Julai. Gulu na Arua mna ukame mmoja mrefu, kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Saruji mpya iache siku 28 kwanza. Kama huna hakika sakafu ni kavu, gandisha kavera (karatasi ya plastiki) angavu ya nusu mita kwa nusu mita kwa tepu pande zote nne, uiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta jasho chini yake, unyevu unapanda kutoka ardhini na rangi itabanduka. Ngoja.

5. Safisha mpaka maji yatoke meupe.

Fagia, kwangua kwa brashi ya waya, osha kwa sabuni, suuza mara mbili. Madoa ya oili ya pikipiki ndiyo adui mkubwa: yamwagie unga wa saruji au vumbi la mbao yanywe usiku mzima, kisha yasugue kwa sabuni. Ukipaka juu ya oili, doa litarudi ndani ya wiki na kipande chote kitatoka kama ganda la yai. Acha sakafu ikauke siku nzima ya jua.

6. Pima mstatili.

Kwenye saruji misumari haiingii, kwa hiyo funga uzi kwenye matofali manne. Weka upande mrefu mita 4.40 na upande mfupi mita 2.40. Kisha pima kona kwa kona, mshazari mmoja na mwingine. Yote miwili lazima yawe mita 5 na sentimita 1. Ukitofautiana hata kwa sentimita tatu, sogeza matofali mpaka ilingane. Jicho la mtu aliyesimama linaona bao lililopinda kabla hajajua anachokiona.

Ukishapata kona, piga alama za katikati ya mashimo. Kwenye upande mrefu pima kutoka ukingo mmoja: sentimita 45, 95, 145, 195, 245, 295, 345, 395. Kwenye upande mfupi: 45, 95, 145, 195. Pima zote kutoka ukingo ule ule. Ukipima shimo hadi shimo, kosa la nusu sentimita linazaa jingine, na shimo la nane litatoka nje ya bao. Mstari wa katikati unaogawanya wachezaji uko sentimita 120.

Alama hizi zitafunikwa na rangi ya chini. Kwa hiyo zirudishe nje ya mstatili: chora vijistari vya chaki ukingoni kuelekeana na kila safu, ili baada ya rangi kukauka unyooshe uzi kati ya kijistari na kijistari, nyuzi zikikatana ndipo katikati ya shimo.

7. Paka rangi ya chini.

Anza saa moja asubuhi. Ikifika saa nne, simama. Saruji ya saa sita mchana inachoma, rangi inakauka kwenye rola kabla haijashika chini. Koti la kwanza liwe jembamba, ongeza maji kidogo ili lizame. La pili jioni, au kesho asubuhi.

Hapa ndipo mchanga unapoingia. Koti la pili likiwa bado bichi, nyunyiza mchanga mkavu kwa mkono kama mtu anayetia chumvi, kidogo kidogo, kila mahali. Kesho yake fagia uliolegea. Mguu utashika hata kukiwa na mvua.

Naomba hili ulichukue kwa uzito. Kuna watakaokushauri rangi ya mafuta inayong'aa, kwamba ni imara zaidi. Tuliitumia mara moja. Iling'aa vizuri sana, mvua ikanyesha, na mwanamke mmoja aliyebeba ndizi akateleza akaanguka vibaya. Hakuvunjika, namshukuru Mungu, lakini tuliikwangua yote wiki ile. Rangi ya mafuta usiiweke mahali watu wanapopita.

8. Paka mashimo.

Kwenye plaiwudi ya 60 kwa 60, chora duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 20. Msumari mmoja katikati, uzi, na chaki mwishoni, basi. Likate, ubaki na fremu yenye tundu. Kwenye fremu chora msalaba: mistari miwili inayopita katikati ya tundu hadi kingo. Unapoiweka ardhini, msalaba ulingane na nyuzi zako mbili zinazokatana. Sasa kila duara litakaa sawa bila kupima tena.

Toa nyuzi, kanyagia fremu kwa miguu miwili, paka kwa rola iliyokaushwa kiasi, kutoka nje kuja ndani. Rola iliyolowa inapitisha rangi chini ya fremu, na duara linaota ndevu. Mashimo 16 ya upande mmoja rangi moja, 16 ya pili rangi nyingine. Ruka shimo moja moja ili fremu isikanyage rangi bichi, kisha rudi kwa yaliyoruka. Koti mbili, na mchanga kiduchu kwenye la pili.

Mwisho, mstari mweupe wa katikati, na mraba wa nyumba kama unatarajia watu wa bao.

Jizuie hapo. Utatamani kuongeza maua, maneno ya kuhamasisha, jina lako kubwa. Msanifu majengo wa Uholanzi, Aldo van Eyck, alianza mwaka 1947 kutengeneza viwanja vya michezo vya watoto Amsterdam, na kwa miaka iliyofuata vikapita mia saba. Aliweka vitu vichache tu: boksi la mchanga, vyuma vya kuning'inia, mawe ya kurukia. Watoto ndio waliomalizia. Bao lako pia liache lina nafasi. Mtaa mmoja watoto waligeuza mashimo yetu kuwa sonko siku za wiki, wanaruka kwa mguu mmoja kutoka rangi hadi rangi, na jioni wazee wanakuja na mweso. Ningejaza maua, wasingepata pa kurukia.

Acha siku tatu kabla ya mchezo. Zungushia kamba na umwombe mtu wa kibanda awaangalie mbuzi.

9. Tengeneza kete.

Kete 64 kubwa ni kazi inayodharauliwa. Hizi hapa nilizozijaribu.

Mbegu za parachichi: nzuri mkononi, bure sokoni, lakini zinapasuka na kuoza mvua ikinyesha. Kokwa za embe zilizokauka ni bora kidogo, ila mtoto anaweza kumrushia mwenzake.

Chupa za plastiki zenye mchanga: zinaonekana kwa mbali na zina sauti tamu. Wazo nililipata kwa msanii Ruganzu Bruno Tusingwire, ambaye mwaka 2012 alipata tuzo ya TED ya miji kwa kutengeneza uwanja wa michezo wa watoto kutokana na chupa na taka nyingine hapa Kampala. Lakini yeye alizifunga pamoja zikawa kitu kimoja kizito. Mimi niliziacha moja moja, na asubuhi zilikuwa zimekwenda zote. Plastiki inauzwa kwa kilo, na anayeokota chupa ili watoto wake wale hajaiba sanaa yako. Amefanya kazi yake.

Vifuko vya kitenge: ndivyo ninavyotumia sasa. Kata kitambaa cha sentimita 22 kwa 12, kunja katikati upate mraba wa kama sentimita 10 baada ya kushona, shona pande mbili, tia kokoto kiganja kimoja, shona mdomo mara mbili. Kila kimoja kina uzito wa kama gramu 150. Upepo hauvichukui, havina thamani sokoni, na vikimpata mtu kichwani haviumizi sana. Fundi cherehani mmoja atavishona kwa siku moja. Shona sabini, kwa sababu sita zitapotea.

10. Tafuta mtunza kete.

Kete zinalala mahali fulani kila usiku, na mahali hapo pana jina la mtu. Bila mtu huyo bao lina wiki mbili. Asiwe mwenye shughuli nyingi wala mkali. Mara nyingi ni mama wa duka au mzee wa steji. Mpe gunia na umlipe kitu kidogo kama unaweza, au mpakie kibanda chake rangi iliyobaki. Mbele ya watu mkabidhi: "Mzee, hizi ni zako, sisi ni wageni." Ukisema hivyo hadharani, kesho yake mtoto akitaka kete anajua pa kugonga.

11. Fungua kwa kucheza.

Hotuba zisizidi dakika tatu. Waite wazee wawili wacheze mchezo wa kwanza, kisha fundisha wengine kwa kanuni fupi:

Kila mchezaji ana safu mbili zilizo karibu naye. Anaweka kete nne nne kwenye mashimo manane ya safu ya nyuma. Anaokota kutoka shimo lolote lake lenye kete mbili au zaidi, anazipanda moja moja kinyume na mshale wa saa, kwenye safu zake tu. Ya mwisho ikianguka kwenye shimo tupu, zamu imeisha. Ikianguka penye kete, anaziokota zote na kuendelea. Lakini kama shimo hilo ni la safu ya ndani, na mashimo yote mawili ya mpinzani yanayolielekea yana kete, anakula za mashimo hayo mawili na kuzipanda upande wake kuanzia pale mkondo ule, yaani upandaji uliomwezesha kula, ulipoanzia. Asiyekuwa na shimo lenye kete mbili ameshindwa.

Wazee wataongeza kanuni nyingine, za kula kurudi nyuma na nyinginezo, na hawatakubaliana. Waache wabishane. Ubishi huo huvuta watu kuliko tangazo lolote.

Mambo yakienda kombo

Rangi inabanduka vipande vipande. Chini kulikuwa na unyevu, oili au vumbi. Kwangua kipande chote kilicholegea, osha, kausha, paka upya. Usipake juu ya ganda.

Rangi inateleza. Mchanga haukutosha. Paka koti moja jembamba la rangi ile ile na unyunyize tena.

Maji yanatuama kwenye mashimo. Sakafu ina bonde. Rangi haiwezi kulitibu. Fundi mwashi aliweke sawa kwa saruji, usubiri siku 28, ndipo upake.

Magari yanaegesha juu yake. Mawe makubwa mawili yaliyopakwa rangi upande wa kuingilia yametusaidia, tena yakawa viti. Pata ruhusa ya mwenye uwanja kabla ya kuyaweka.

Wakubwa wanacheza kamari na watoto wamefukuzwa. Limetokea mara mbili. Usipigane nao peke yako. Nenda na mtunza kete na mwenyekiti wa LC1, mpange saa: mpaka saa kumi na mbili jioni bao ni la watoto, na baada ya hapo kete zinabaki mkononi mwa mtunzaji. Asiye na kete hana mchezo.

Kete zinapungua. Shona nyingine. Zikipungua kumi kwa wiki, mtunzaji amechoka au hajakubalika, zungumza naye kwanza kabla ya kushona.

Hakuna anayecheza. Rudi hatua ya kwanza na ujiulize kama ulikaa kweli siku tatu. Kama mahali ni pazuri, kaa wewe mwenyewe na mwenzako saa kumi jioni, siku tano mfululizo, mcheze vibaya na kwa sauti. Atatokea mtu asiyeweza kuvumilia kuona kete zikipandwa ovyo, atasema "Hapana, ssebo, sogea nikuonyeshe." Mpe nafasi yako.

Mashimo yanafifia. Kwa saruji yenye watu wengi, tegemea kupaka upya kila mwaka, kabla ya mvua za Machi. Hayafifii sawasawa: safu za ndani zinakwisha kwanza, kwa sababu ndizo zinazokanyagwa na anayeinama kula. Nunua lita moja ya kila rangi na uanzie hapo.